Tuhesabu Hatua za Mama: Kutafuta Makao ya Uzee Naviundu



Mwezi uliopita, baada ya mkutano wetu, mama mmoja alinishika mkono akaniuliza: "Madamu, na mimi nataka kuacha kuuza. Magoti yamekataa. Watoto wangu wananitafutia lupangu kubwa, mbali na mji. Ninyi mlifanyaje mpaka mama yenu akaja kukaa hapa Naviundu?" Nilianza kumjibu tukiwa tumesimama njiani, nikaona maneno ni mengi. Nikamwambia nitayaandika, ili na wengine wenye swali kama lake wayapate.

Mama yetu aliuza kapenta na samaki wakavu sokoni mjini kwa zaidi ya miaka 25. Baba alipokufa tulikuwa watoto watano, mimi ni wa tatu. Ile kapenta ndiyo iliyonilipia masomo mpaka nikapata diploma ya ualimu. Kila siku mama aliamka saa kumi ya usiku, akapanda taksi-basi na beseni lake, akarudi jioni miguu imevimba. Mwaka alipotimiza miaka 57 alituita wote siku ya Mungu, akapika bukari na sombe, tukala. Baada ya kunawa mikono akasema: "Watoto wangu, nimechoka. Nataka kupumzika wakati bado nina nguvu za kutembea. Sitaki kungoja siku ya kubebwa. Nitafutieni mahali."

Alikuwa ameweka akiba yake kwenye likelemba, kidogo kidogo, kwa miaka mingi. Haikuwa mali nyingi. Ilitosha kununua mahali pamoja tu. Tukikosea, hakuna akiba nyingine ya kusahihisha kosa. Ndiyo sababu nasema jambo hili si dogo.

Kustaafu kabla ya uzee

Hapa kwetu Katanga neno la kuacha kazi mapema si geni. Wengi wetu tunakumbuka miaka ya 2003 na 2004, wakati wafanyakazi 10.655 wa Gécamines, wenye miaka 25 ya kazi na zaidi, walipopewa fedha za kuondoka kwa hiari, fedha zilizotoka Benki ya Dunia. Wengi hawakuwa wazee bado. Katika kila kartie ya Lubumbashi kulikuwa na baba aliyeamka asubuhi bila king'ora cha kazi, akijiuliza: sasa nikae wapi, nifanye nini, fedha hizi zitafika wapi?

Mama wa sokoni hapewi fedha za kuondoka. CNSS inawalipa pensheni wale ambao mwajiri wao aliwaandikisha na kuwalipia michango. Mama mwenye beseni hana mwajiri. Anajiajiri mwenyewe na anajistaafisha mwenyewe. Pensheni yake ni nyumba atakayoingia, bustani ndogo, watoto wake, na miguu yake. Basi nyumba ile ikiwa mahali pabaya, pensheni yake imeharibika.

Mapendekezo matatu

Katika familia yetu yalitoka mapendekezo matatu.

La kwanza lilikuwa langu. Nilisema mama aje kukaa kwangu. Mimi na mume wangu tunapanga nyumba hapa Naviundu, karibu na shule ninayofundisha. Mama alikataa bila kufikiri mara mbili. Alisema: "Niamke kila asubuhi nikutane na mukwe wangu akitoka kuoga? Hapana. Nikija kwako nije kama mgeni, ninywe chai, nirudi kwangu." Wamama, mnajua heshima ya mukwe. Nilinyamaza.

La pili lilikuwa la yaya yetu mkubwa. Yeye alikuwa amepata lupangu kubwa sana mbali nje ya mji, mita 40 kwa 50, bei chini. Alisema mama atalima mahindi, atafuga kuku, atapanda maembe na maparachichi, wajukuu watakuja wakati wa vakansi. Alikuwa amekwisha kutoa avansi kwa fedha zake mwenyewe, kwa sababu alitaka kumfurahisha mama. Nataka mjue hivyo: yaya hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

La tatu lilitoka kwa mdogo wetu wa mwisho, ambaye huuza mkate kwa kinga. Alisema: "Mama amezoea watu. Mkimweka porini atakufa kwa kimya. Tumtafutie kanyumba kadogo hapa Naviundu, mahali ambapo anaweza kufika kila kitu kwa miguu." Yaya akacheka, akasema Naviundu malupangu ni madogo na vumbi ni jingi. Na kweli, vumbi ni jingi.

Kamba ya mita kumi

Mimi ni mwalimu wa darasa la tano. Tunapofundisha vipimo, tunawapeleka watoto uwanjani na kamba ya mita 10, kila mtoto anahesabu hatua zake. Nikasema tufanye hivyo na mama. Tukanyosha kamba, mama akatembea mwendo wake wa kawaida: hatua 20. Maana yake, hatua moja ya mama ni nusu mita. Hatua zangu katika kamba ile ni 15. Hapo nikaelewa jambo ambalo sikuwa nimelifikiri: sisi watoto tunapomwambia mama "ni karibu tu", tunapima kwa miguu yetu, wala si kwa miguu yake.

Tulikwenda kwanza kwenye lupangu la yaya. Tulipanda taksi-basi mpaka mwisho wa njia yake, kisha pikipiki, kisha miguu. Mahali penyewe ni pazuri, sitadanganya. Miti ya miombo, kichuguu kikubwa ambacho udongo wake ungetosha kufyatua matofali ya nyumba nzima, upepo safi. Mama alisimama katikati, akatabasamu. Kisha akauliza: "Maji yako wapi?" Tukaambiwa utachimba kisima. "Mganga yuko wapi?" Tukaambiwa utapanda pikipiki. "Kanisa?" Pikipiki. "Nikikosa chumvi?" Mwenye kutuonyesha mahali akacheka. Tulipotoka, mama akaanza kuhesabu hatua mpaka barabara ya taksi-basi. Alipofika 3.000 akaketi juu ya jiwe, akasema inatosha. Barabara ilikuwa bado haijaonekana.

Siku nyingine tukazunguka Naviundu. Tulikuta nyumba mbili zinazolingana na akiba yake. Ya kwanza ilikuwa chini, upande wa mto, yenye udongo mweusi unaofaa bustani. Ya pili ilikuwa juu kidogo, vyumba viwili na saluni, lupangu dogo la mita 15 kwa 20. Kutoka nyumba ya pili tulihesabu hatua za mama hivi:

Mpaka pampu ya maji ya jirani anayeuza maji: hatua 90.
Mpaka soko dogo la nyanya, makala na unga: hatua 350.
Mpaka kanisa: hatua 500.
Mpaka kituo cha afya: hatua 620.
Mpaka barabara ya lami: hatua 800.
Mpaka kwangu: hatua 1.100.

Hatua 1.100 za mama ni mita 550. Si mbali, na pia si ndani ya nyumba ya mukwe. Mama alicheka sana tulipomwonyesha hesabu ile kwenye daftari.

Zamani walijua, kwa faida yao

Msidhani kwamba mpango wa kuweka kila kitu karibu na miguu ni jambo jipya. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, na kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilijenga kampi za wafanyakazi wake. Kuanzia miaka ya 1920 iliwaruhusu na kuwahimiza wafanyakazi kukaa na wake na watoto. Ndani ya kampi kulikuwa na shule, dispansari, mahali pa kupokea posho, kanisa, na kazi yenyewe haikuwa mbali. Haikuwa kwa upendo. Kampuni ilitaka mtu afike kazini kwa wakati, na imwone vizuri kila anachofanya. Lakini kambo zetu waliolelewa katika kampi zile bado wanasimulia kwamba mama aliweza kumpeleka mtoto kwenye dispansari, kupokea posho na kurudi kupika, yote kabla ya jua kuwa kali.

Leo mji umepanuka. Komini ya Annexe, ambayo Naviundu ni kartie yake moja, inazizunguka zile komini nyingine za mji, na watu wanajenga mbali zaidi kila mwaka kwa sababu huko malupangu ni ya bei chini. Nyumba inatangulia, maji na shule na mganga vinafuata baada ya miaka mingi, au havifuati. Kijana anaweza kungoja. Mama wa miaka 57 mwenye magoti mabaya anangoja nini?

Habari ya kinga

Mdogo wetu alizungumza habari ya kinga, na nataka kuifikisha kwenu. Lubumbashi iko juu, mita 1.200 hivi kutoka usawa wa bahari, lakini mji wenyewe ni tambarare. Hauna milima ya kumkatisha mtu pumzi kama Bukavu. Mtu kwa miguu anakwenda kilomita 4 kwa saa. Kwa kinga, bila haraka, anakwenda 12. Kinga hainywi mafuta, haigomi bei ya mafuta ikipanda, na fundi wa kutengeneza yuko karibu kila kona na spana zake chini ya mti. Tunawaona kila asubuhi wale baba na vijana wanaoingia mjini na magunia ya makala yaliyofungwa juu ya kinga mpaka hutaona mtu.

Lakini sisi wamama, ni wangapi tunapanda kinga? Tulifundishwa kwamba mwanamke mwenye heshima anakaa nyuma, kwenye portbagaji. Mimi nilijifunza nikiwa na miaka 34, katika uwanja wa shule, saa ya jioni, wanafunzi wakiwa wamekwisha kwenda, isipokuwa wawili waliojificha na kucheka. Nilianguka mara tatu. Sasa nafika kwa mama kwa dakika tano, na sufuria ya mboga ndani ya kikapu. Sketi ndefu ifungwe vizuri tu isiingie kwenye mnyororo.

Mama mwenyewe hapandi, na hataki. Ila mdogo wetu ameweka mto laini kwenye portbagaji, na siku ya mazishi au harusi anambeba polepole. Kwa hiyo tulipochagua nyumba, tuliangalia pia njia za kinga: je, kuna njia ya ndani, ya udongo ulioshikana, isiyopita kwenye barabara ya malori? Ipo. Ni ndefu kidogo kuliko ya lami, lakini hakuna lori litakalokupulizia vumbi mdomoni.

Makosa ya Naviundu

Sasa nisije nikaonekana kama ninauza malupangu. Naviundu ina makosa yake, na anayetaka kuleta mzazi wake hapa lazima ayajue.

Kwanza, mto. Mto Naviundu ndio wenye jina la kartie yetu, na watoto wanaupenda. Lakini nchi yetu ni nchi ya madini, na wachunguzi waliopima maji na matope ya mto huu walikuta shaba, kobalti na madini mengine mazito kwa wingi unaozidi kiasi. Huwezi kuyaona kwa macho, na kuchemsha maji hakuyaondoi. Chemsho linaua vijidudu tu. Madini yanabaki sufuriani. Kwa hiyo usimchagulie mama nyumba kwa sababu eti atamwagilia lengalenga kwa maji ya mto. Bustani ya mama yetu ni ndogo, iko juu, na anamwagilia maji ya pampu na ya mvua anayokinga kwenye pipa.

Pili, mvua. Sisi tulitembelea zile nyumba mara ya kwanza wakati wa kipwa, mwezi wa nane, njia zote zikiwa kavu. Mama aliipenda ile nyumba ya chini, yenye udongo mweusi, na mimi pia. Tulikuwa karibu kulipa. Mdogo wetu akasema: "Tungoje mvua inyeshe." Yaya akasema tunapoteza wakati. Tukangoja mpaka mwezi wa kwanza. Tulirudi asubuhi moja baada ya mvua ya usiku kucha. Kati ya nyumba ile na kituo cha afya kulikuwa na bonde dogo ambalo wakati wa kipwa hata hukuliona. Sasa lilikuwa limejaa maji ya kahawia mpaka magotini, na mama mmoja alikuwa anavuka na mtoto mgongoni na viatu mkononi. Mama yetu alimtazama mpaka akafika ng'ambo. Akasema: "Leo yeye ana nguvu." Tukaiacha nyumba ya chini. Tulikwenda kuiangalia ya juu: matope yalikuwapo, lakini njia ilipitika.

Tatu, barabara ya lami haina njia ya miguu. Mtu, kinga, pikipiki na lori vyote vinagombania mahali pamoja. Usiku hakuna taa. Mama tumemwambia baada ya saa kumi na mbili ya jioni asifike lami peke yake.

Nne, karatasi. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, ardhi ni mali ya Serikali, na haki yako inasimama imara ukiwa na sertifika ya usajili. Karatasi ya kartie au ya muuzaji peke yake haitoshi. Tunajua malupangu yaliyouzwa mara mbili, hata mara tatu. Kabla ya kutoa franka moja, nendeni ofisi ya ardhi kuuliza jina gani limeandikwa, na waulizeni majirani wa pande zote nne. Tena jina liandikwe la mama mwenyewe, si la mtoto wa kiume, wala la mukwe. Katika hili yaya yetu alikuwa wa kwanza kukubali, na ninamshukuru.

Usiku wa tansio

Yaya hakufurahi mama alipochagua Naviundu. Alirudishiwa nusu tu ya avansi yake. Kwa miezi kadhaa alikuja kumwona mama bila kukaa. Alisema: "Nilikupa shamba, mkachagua kiberiti." Maneno yale yalimwumiza mama, naye alinyamaza.

Mwaka uliofuata, usiku mmoja wa mvua, tansio ya mama ilipanda. Kichwa kilimgonga, macho yakaona giza. Alinipigia simu mimi. Simu yangu ilikuwa imezima, kwa maana umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Alimpigia mdogo wetu, hakusikia. Mama akagonga dirisha la jirani, mwanamke mjane kama yeye. Wakachukua tochi na mwavuli, wakatembea wawili polepole mpaka kituo cha afya. Hatua 620. Walipumzika mara mbili. Mwuguzi wa zamu akampima, akampa dawa, akamlaza mpaka kukapambazuka.

Mimi nilijua asubuhi, nilipopita kwake na kinga yangu kabla ya shule. Nilimkuta ameketi mlangoni anakunywa chai. Aliponisimulia, nililia kwa aibu, kwa sababu simu yangu ilikuwa imezima. Akaniambia: "Unalia nini? Njia ninaijua. Nimekwenda kwa miguu yangu, nimerudi kwa miguu yangu."

Yaya alipopata habari alikuja siku ileile. Safari hii alikaa. Hakusema neno juu ya lupangu. Aliuliza tu hatua ni ngapi, kisha akatoka nje akaenda kuzihesabu mwenyewe mpaka kituo cha afya na kurudi. Jioni alikula bukari pamoja nasi. Lile lupangu kubwa amelikodi kidogo kidogo kama shamba, analima mahindi, na wakati wa mavuno analeta gunia moja kwa mama. Mpaka leo mama anasema hewa ya kule ilikuwa nzuri. Anaikumbuka. Kila uchaguzi unaacha kitu nyuma.

Maswali ya kumwuliza mama, na ya kuiuliza njia

Kwa yule mama aliyenishika mkono, na kwa wote wanaofikiri habari hii, nafupisha hivi.

Mpime mama hatua zake kwa kamba, nanyi mtumie hatua zake katika hesabu zote. Andikeni hatua mpaka maji, soko, kanisa, mganga, na mpaka kwa mtu wake mmoja wa karibu. Tembeeni naye mwenyewe, akiwa na kikapu chenye uzito, kwa maana hatakwenda sokoni mikono mitupu. Nendeni mara mbili: mara moja wakati wa kipwa, mara moja baada ya mvua kubwa. Nendeni pia jioni, muone giza likoje. Ulizeni nani atamsikia akigonga dirisha usiku. Hesabuni fedha za pikipiki za mwezi mzima katika ile nyumba ya mbali: mara nyingi lupangu la bei chini linakuja kuwa ghali kwa ajili ya safari. Na zaidi ya yote, mwulizeni mama mwenyewe, kisha mnyamaze mpaka amalize kujibu.

Jambo la mwisho ni letu sote. Njia nzuri haianguki kutoka mbinguni. Nchi ya Uholanzi leo inajulikana kwa baiskeli, lakini mwaka 1971 barabara zake ziliua watu zaidi ya 3.000, na kati yao watoto zaidi ya 400. Wazazi, na akina mama wengi kati yao, walitoka barabarani wakapaza sauti. Chama chao kilibeba jina kali, maana yake Komesheni Mauaji ya Watoto. Hawakungoja. Polepole njia za baiskeli na za miguu zikajengwa. Wale hawakuwa matajiri wote, walikuwa wazazi wenye hasira.

Sisi hatuna uwezo wa kujenga lami. Lakini lile bonde dogo ambalo mama yule alivuka na mtoto mgongoni, linahitaji mawe, magogo machache, na watu 30 kwa siku moja ya salongo kabla mvua hazijaanza. Nimekwisha kuzungumza na shefu wa kartie, naye hakukataa. Nawaomba tulizungumze katika mkutano wa juma lijalo. Kila mmoja aje na hesabu ya hatua zake kutoka nyumbani mpaka kituo cha afya. Tutaziandika ubaoni, tuone ni akina nani kati yetu wanaovuka maji kwenda kumtafuta mganga.

Mama yangu amesema atakuja. Kwake mpaka mahali petu pa mkutano ni hatua 430.